Sema Kabla Mpira Haujarushwa

Hotuba niliyoitoa kwa Waswahili wenzangu mjini Lowell, Massachusetts, jioni moja ya Oktoba, kabla hatujawasha televisheni

Wazee wangu, kina mama, kaka na dada zangu, na nyinyi vijana mliojipanga karibu na sambusa kwa makusudi, hamjambo.

Mwenyekiti aliponipigia simu alitaka nizungumzie maisha ya ughaibuni. Nikamwambia, Mwenyekiti, hayo watu wameyachoka. Kila tukikutana ni visa, kodi ya nyumba na theluji. Mwaka huu niachie niseme habari za besiboli. Akanyamaza kidogo. Nadhani alikuwa anahesabu watakaoaga mara tu baada ya pilau. Lakini alikubali, nami nikaahidi kumaliza kabla ya saa mbili, maana saa mbili na dakika chache mechi inaanza na mimi mwenyewe sitaki kuikosa.

Nina jambo dogo tu ndani ya mchezo huo. Mechi ipo ukingoni, kocha anaamua amtoe mtu au amwache, na asubuhi yake mji mzima unajua alikosea wapi.

Msioujua mchezo nivumilieni dakika mbili. Mrushaji anasimama juu ya kichuguu cha udongo katikati ya uwanja, anarusha mpira. Mpigaji ana gongo. Akiupiga vizuri anakimbilia besi, ziko tatu, kisha nyumbani, na akifika nyumbani hiyo ni pointi. Timu ikitolewa wapigaji watatu, zamu yake imekwisha. Zamu ya hawa na zamu ya wale ni awamu moja, na awamu ni tisa. Zikienda sare wanaongeza mpaka apatikane mshindi. Kocha mkuu huku wanamwita meneja. Na kuna sheria moja naomba muishike vizuri: mchezaji akibadilishwa na kocha wake harudi tena, hata mechi ikienda mpaka alfajiri.

Wala msiseme mchezo huu hautuhusu. Wenzetu wa Uganda mlio hapa mnajua kwamba mwaka 2011 vijana wenu walishinda kanda yao, wakanyimwa visa. Mwaka 2012 vijana wa Lugazi wakafika Williamsport, Pennsylvania, kwenye mashindano ya dunia ya watoto, wa kwanza kutoka bara la Afrika. Naam, visa tena. Nilijua hatutaikwepa.

Sasa, kwa nini mchezo huu unazaa lawama kuliko mingine? Mpira wa miguu unatiririka. Kocha akimtoa mshambuliaji dakika ya 80, timu ikafungwa dakika ya 88, tutabishana mpaka mate yatukauke, lakini kati ya hapo mpira umeguswa mara mia na watu ishirini. Nani ajuaye kilichoharibu? Besiboli inasimama. Kila baada ya mpira mmoja inasimama. Kocha anatoka kwenye benchi, anatembea taratibu mpaka kwenye kichuguu, watu elfu hamsini wanamtazama mgongo, na kila mmoja wao analijua swali alilokwenda nalo. Atoke? Abaki? Sijaona mchezo mwingine unaomwanika mtu na uamuzi wake juani namna hiyo.

Isipokuwa bao. Kwetu Mombasa, pale Kuze, babu yangu alikuwa mchezaji, na kwenye baraza ya bao kila mtazamaji ni fundi. Mchezaji kete zimemwishia kwenye nyumba yake. Achague mwenyewe, asimame pale au aivunje nyumba asafiri nazo. Akisafiri, kete zikamwishia pabaya, atatokea mtu nyuma aseme, "Mimi nilijua!" Babu hakuwa akigeuka kumtazama. Alikuwa akiuliza tu, macho kwenye bao, "Na mdomo ulikuwa umemwazima nani?"

Nililisahau neno hilo mpaka usiku wa tarehe 16 Oktoba 2003.

Nilikuwa na miezi tisa tu Marekani, nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Chumba cha mwisho kwenye korido kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa fundi wa mashine enzi za viwanda vya nguo. Kila mechi aliiandika. Alikuwa na karatasi yenye vyumba vidogo vidogo, penseli fupi kama kidole gumba, na alama zake: mstari huu mtu kafika besi ya kwanza, herufi hii katolewa. Mimi ndimi niliyekuwa nikimchongea penseli, kwa kisu cha matunda, na malipo yangu yalikuwa kufundishwa.

Timu yake ilikuwa Red Sox ya Boston. Kama mnavyojua, huku hakuna nyingine. Ilikuwa haijachukua ubingwa tangu 1918, na mzee alizaliwa miaka michache baada ya hapo, kwa hiyo maisha yake yote alikuwa akingoja. Usiku ule walikuwa New York, mechi ya saba, mshindi anakwenda fainali, na mpinzani ni Yankees. Fikirieni Simba na Yanga, kisha mmoja wao awe amekaa miaka 85 bila kombe huku mwenzake anayakusanya kama maembe yaliyoanguka.

Mrushaji wa Boston alikuwa Pedro Martínez, mtu wa Jamhuri ya Dominika, mwili mdogo, na miaka ile wengi walimhesabu kuwa bora kuliko wote. Alimaliza awamu ya saba akiwa amerusha mipira 100. Akanyoosha kidole juu mbinguni, akarudi kwenye benchi, wenzake wakamkumbatia. Mzee akaweka penseli chini. "Kamaliza kazi," akasema. Zamu yao ikaja, David Ortiz akaupeleka mpira jukwaani, na mpira ukitua huko mpigaji na wote walio kwenye besi huingia nyumbani, ikawa 5-2. Zimebaki awamu mbili tu, nje kuna warushaji wa akiba, Alan Embree na Mike Timlin, mikono imepata joto, na wiki zile walikuwa hawagusiki.

Awamu ya nane, nani anapanda kichuguu? Pedro.

Wa kwanza akatolewa. Wa pili, Derek Jeter, akapiga mpira mrefu kulia, akafika besi ya pili. Bernie Williams akapiga, Jeter akaingia, 5-3. Hapo ndipo meneja wa Boston, Grady Little, akatoka kwenye benchi. Akatembea mpaka kwa Pedro. Akamwuliza. Pedro akamjibu kwamba anaweza. Little akageuka akarudi zake peke yake.

Wakati ule mimi nilikuwa nimemfunga mzee kile kitambaa cha kupimia presha mkononi, na kitambaa kimejaa upepo. Alikuwa kimya. Nalikumbuka hilo kuliko kitu chochote cha usiku ule. Alimtazama Little akirudi kwenye benchi na hakusema neno.

Hideki Matsui akapiga, wakawa wawili kwenye besi. Jorge Posada akaupiga mpira dhaifu, mpira wa bahati, ukapaa kidogo ukadondoka katikati ya watu watatu bila kudakwa. Wote wawili wakaingia. 5-5. Sasa Little akatoka tena kumtoa Pedro, akiwa ameshafika mipira 123. Na mzee akaitupa penseli kwenye televisheni. "Mjinga! Mjinga huyu! Kila mtu alijua!"

Mimi mgeni, sijui adabu za huko, nikamwuliza, "Mzee, mbona hukusema alipokwenda kumwuliza?"

Hakunijibu. Mechi ikaenda awamu ya kumi na moja, saa sita imepita, Tim Wakefield akarusha mpira wa kwanza wa zamu ile na kijana mmoja wa Yankees, Aaron Boone, aliyeingizwa awamu ya nane kukimbia tu kwa niaba ya mwenzake, akaupiga mpaka jukwaa la kushoto. Mechi imekwisha. "Zima," akasema mzee. Lishikeni jina la Boone.

Kabla mwezi haujaisha Boston ilitangaza kwamba haimwongezei Little mkataba. Mtu alikuwa ameshinda mechi 95 msimu ule. Aliondoka kwa sababu ya kutembea hadi kwenye kichuguu na kurudi.

Wiki moja baadaye mzee aliniita, akanipa daftari la shule, lile lenye jalada jeusi la madoadoa. Akaniambia, toka sasa, kabla kocha hajaamua, andika humu wewe ungefanya nini na kwa sababu gani. Baada ya hapo lalamika utakavyo. Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini kama anayeungama, kwamba usiku ule Little alipokwenda kwenye kichuguu, yeye mwenyewe alikuwa anaomba moyoni Pedro abaki. Alikuwa hataki kumwona mtu mwingine. Pedro alikuwa Pedro.

Ndugu zangu, ninalolileta kwenu leo ni hilo daftari.

Sisemi Little alifanya sawa. Nimeirudia mechi ile mara nyingi na kila mara nafika palepale: alikosea, na alikosea kabla Matsui hajaupiga mpira. Hesabu za msimu ule zilikuwa zinaonyesha kwamba Pedro akizidi mipira mia na kitu, wapigaji walimwonea. Wa akiba walikuwa tayari. Na lile la kumwuliza! Ukimwendea mwanamume mbele ya watu elfu hamsini ukamwuliza "umechoka?" jibu umekwenda nalo mwenyewe mfukoni. Mwaka 2015, fainali, New York, Matt Harvey wa Mets alikuwa amerusha awamu nane bila kufungwa, timu yake inaongoza 2-0. Meneja wake, Terry Collins, alishaamua kumtoa. Harvey akamfuata mpaka uso kwa uso kwenye benchi, akakataa. Collins akamrudisha. Awamu ya tisa zikaingia zote mbili, na Kansas City wakashinda mechi awamu ya kumi na mbili wakachukua na kombe. Uamuzi wa Collins ulikuwa mzuri, ila aliuacha ukaporwa na mtu anayempenda.

Kosa la uamuzi nalitafuta kwenye yale yaliyojulikana mkono ulipokuwa bado haujarusha. Yaliyokuja baadaye ni habari za gazeti.

Niwape mfano unaoniumiza kichwa kwa upande wa pili. Tarehe 27 Oktoba 2020, Arlington, Texas, mwaka wa korona. Fainali, mechi ya sita, Tampa Bay wanaongoza Dodgers 1-0. Mrushaji wao Blake Snell yuko awamu ya sita. Mipira 73 tu. Ametoa tisa kwa kuwanyima mpira kabisa, amepigwa mara mbili tu, na ile ya pili ndiyo imetoka kupigwa sasa hivi na Austin Barnes. Wanaofuata ni Mookie Betts, Corey Seager na Justin Turner. Watatu hao usiku ule walikutana na Snell mara sita, na mara zote sita walirudi kwenye benchi na gongo begani bila kugusa kitu.

Meneja Kevin Cash akatoka. Kamera ikamwonyesha Snell akitamka neno nisiloweza kulitafsiri mbele ya watoto. Akatolewa. Akaingia Nick Anderson. Betts akapiga, akafika besi ya pili. Mpira mmoja ukamponyoka mdakaji, ikawa 1-1. Seager akapiga mpira wa chini, Betts akaruka nyumbani, 2-1. Ikaisha 3-1, na Dodgers wakapata ubingwa wao wa kwanza tangu 1988. Wenyewe Dodgers walisema baadaye kwamba walifurahi kumwona Snell akiondoka.

Daftari langu ukurasa huo limeandikwa: "Abaki. Hawa watatu hawajamgusa." Nililiandika Cash akiwa bado anatembea. Mke wangu ni shahidi, ingawa ameniomba nisimtaje kwenye mambo haya.

Lakini Cash hakuwa mwendawazimu. Watu wa hesabu wamepekua mechi maelfu kwa maelfu wakaona jambo gumu kulipinga: mpigaji akikutana na mrushaji yuleyule mara ya tatu usiku mmoja, humpiga vizuri kuliko mara ya kwanza. Ameshamsoma, na mkono umeanza kulegea. Tampa Bay, klabu isiyo na fedha za New York wala Los Angeles, ilifika fainali kwa kufuata hesabu za namna hiyo bila huruma. Betts alikuwa anakuja mara ya tatu. Kitabu kinasema toa, akatoa.

Palipomponza ni kwamba swali lina miguu miwili naye alisimama kwa mmoja. Huulizi tu "huyu amechoka?" Unauliza pia "anaingia nani?" Anderson alikuwa hodari msimu mzima, lakini katika mechi zake sita zilizotangulia alifungwa kila mara. Kila mara! Kwa hiyo hesabu iliyosema Snell wa wastani, mara ya tatu, ni hatari, ilikuwa sahihi. Ila usiku ule hapakuwa na Snell wa wastani wala Anderson wa wastani. Walikuwepo watu wawili, mmoja mkono unawaka na mwingine amepoa. Hata sisi walalamikaji huteleza hapohapo. Tunapiga kelele "mtoe!" na hatumtaji mrithi. Kwenye daftari mzee alinilazimisha: usiandike atoke mpaka umeandika jina la anayeingia.

Nigusie pia kile kipigo cha kudonoa, halafu niende. Mtu yuko besi ya kwanza, hakuna aliyetolewa. Kocha anamwamuru mpigaji auguse mpira tu, ajitoe mhanga, ili mwenzake asogee besi ya pili. Inapendeza, ina sura ya busara na moyo wa kujitolea. Hesabu inasema kabla ya kudonoa ulikuwa unatarajia wastani wa karibu pointi 0.9, na baada ya kufanikiwa unatarajia karibu 0.7. Umefanikiwa na umepoteza. Kama unatafuta pointi moja tu awamu ya tisa na anayepiga ni dhaifu, sawa, kuna hoja. Vinginevyo ni sadaka bila mwombaji.

Mnaona saa? Bado tunayo.

Waswahili tunasema akiba haiozi. Mwaka 2016, tarehe 4 Oktoba, Toronto, akiba ilioza hadharani. Baltimore walikuwa na mrushaji wa kufungia mechi, Zack Britton. Msimu ule aliitwa mara 47 kulinda uongozi na mara 47 aliulinda. Hakuna kasoro hata moja. Mechi ilikuwa moja tu, anayefungwa anakwenda nyumbani. Awamu ya nane sare 2-2, ya tisa sare, ya kumi sare. Meneja Buck Showalter, mtu mwenye akili kubwa ya mchezo huu, akawaita wa akiba mmoja baada ya mwingine, Britton haitwi. Awamu ya kumi na moja akaingia Ubaldo Jiménez, Edwin Encarnación akaupeleka mpira jukwaani na watu wawili kwenye besi. 5-2. Msimu umekwisha na mrushaji bora wa Baltimore hajapanda kichuguu.

Hoja yake naijua na si ya kijinga. Ukiwa ugenini, wenyeji hupiga mwisho. Ukiongoza, bado watapata zamu, na hapo unamtaka mtu wako bora alinde. Ukimtumia kwenye sare, nani atalinda ukiongoza? Sawa kabisa. Ila uongozi wa kulindwa haukuwa umefika na ungeweza usifike, na moto ulikuwa unawaka sasa. Nani anafungia maji kabatini nyumba ikiungua, kwa kuogopa kwamba kesho atakosa ya kunawia? Ukurasa ule nimeandika "BRITTON" kwa herufi kubwa mara tatu, awamu ya tisa, ya kumi na ya kumi na moja. Mzee alikuwa ameshafariki miaka kumi. Nilitamani auone.

Mwezi mmoja baadaye, fainali, mechi ya saba, Cleveland. Cubs ya Chicago, waliongoja tangu 1908. Hapa naomba mnisikilize kuliko kwingine kote, maana hawa walishinda.

Meneja wao Joe Maddon alikuwa na Aroldis Chapman, Mcuba anayerusha mpira kilomita 160 kwa saa na zaidi. Mechi ya tano alimrushisha mipira 42, mingi mno kwa mtu wa kazi yake. Ile alilazimika, walikuwa wanatolewa. Mechi ya sita Cubs wanaongoza 7-2, na Maddon akamwita tena, akarusha 20. Ya nini? Wakati ule nilimwuliza mke wangu kwa sauti, ya nini? Kesho yake, mechi ya saba, awamu ya nane, wanaongoza 6-3, wawili wametolewa, akamwita Chapman. Mpira wake haukuwa na moto. Brandon Guyer akapiga, 6-4. Rajai Davis, si mtu wa kupiga mipira ya jukwaani, akaupeleka jukwaani. 6-6. Chapman alikuwa amechoka wazi kabisa, anaonekana mpaka huku Lowell.

Hakuishia hapo. Awamu ya tisa Cubs wana mtu besi ya tatu, ametolewa mmoja, mpira mmoja tu mrefu wa juu unatosha kumwingiza. Javier Báez amebakiwa na nafasi ya mwisho, na Maddon anamwamuru adonoe. Akidonoa nje katika nafasi ya mwisho, sheria inasema katoka. Akadonoa nje. Katoka.

Kisha mvua. Mechi ikasimama dakika 17, wachezaji wa Cubs wakajifungia chumbani wakapeana moyo, wakarudi, Ben Zobrist akapiga, ikaisha 8-7, miaka 108 imekwisha. Chicago ikalia na kucheza. Na Maddon? Shujaa. Kama Cleveland wangepata pointi mbili zaidi, usiku ule ungeitwa kwa jina lake mpaka leo, kama wa 2003 unavyoitwa kwa jina la Little. Makosa yake yalikuwa makubwa kuliko ya Little, naomba mnipinge kama mnaweza. Mvua ilimfichia.

Nimefika kwa Boone.

Yule kijana aliyemfukuzisha Little kazi kwa mpira mmoja alikuja kuwa meneja wa Yankees, toka msimu wa 2018. Oktoba 25, 2024, Los Angeles, fainali, mechi ya kwanza. Awali usiku ule alishalaumiwa kwa kumtoa Gerrit Cole akiwa na mipira 88. Sasa ni awamu ya kumi, Yankees 3, Dodgers 2. Dodgers wana watu wawili kwenye besi, ametolewa mmoja, anakuja Shohei Ohtani. Nje kuna warushaji wawili wa mkono wa kushoto, na hao ndio humsumbua mpigaji wa kushoto kama Ohtani. Tim Hill amekuwa akicheza majuma yote hayo na anafanya kazi nzuri. Nestor Cortes ameumia, hajacheza mechi tangu Septemba 18.

Boone akamwita Cortes.

Na tangu 2020 kuna sheria nyingine: mrushaji anayeingia lazima akutane na wapigaji watatu, au zamu iishe, ndipo atolewe. Zamani kocha aliweza kumleta mtu kwa mpigaji mmoja akamwondoa. Siku hizi ukimwita mtu umeoa na mashemeji wawili.

Mpira wa kwanza, Ohtani akaupiga juu kushoto. Alex Verdugo akaudaka, akapindukia kwenye viti vya watazamaji. Katolewa! Boone kashinda kamari! Lakini kwa kuwa mdakaji aliangukia nje ya uwanja, waliokuwa kwenye besi wakaruhusiwa kusogea mmoja mmoja: ya pili na ya tatu. Sasa anakuja Mookie Betts, anayepigia kulia. Boone akaamuru apewe besi ya kwanza bure, ili Cortes akutane na Freddie Freeman, anayepigia kushoto, na kifundo cha mguu kimeteguka hata kutembea ni shida. Besi zote tatu zimejaa, wawili wametolewa. Cortes akarusha mpira mmoja. Freeman akaupiga, akainua gongo juu, wala hakuwa na haja ya kukimbia. 6-3. Katika historia yote ya fainali hizo hapakuwahi kutokea mpira wa jukwaani, besi zote zimejaa, unaomaliza mechi.

Mwaka 2003 mpira wa kwanza kwa Boone, 2024 mpira wa kwanza kwa Freeman. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Asubuhi yake kila redio ilikuwa inasema jina la Tim Hill. Kazini, kwenye basi, kwa kinyozi. Kijana mmoja wa kwetu akanipigia simu, "Ami, uliona upumbavu ule? Kila mtu alijua ni Hill!" Nikamjibu nitampigia baadaye. Nikaenda kulifungua daftari.

Nimekuja nalo. Si lile la madoadoa, hili ni la nne. Nasoma kama lilivyo: "Awamu ya 10. Ohtani. Cortes, sawa. Ohtani hajamwona karibuni." Na chini yake: "Betts apewe bure, Freeman mguu mbovu. Sawa."

Sawa, na tena sawa. Mwandiko wangu huo. Ile ya Hill haimo popote. Iliniingia kichwani Freeman alipokuwa anazunguka besi.

Boone yeye hakufukuzwa. Dodgers walichukua kombe kwa mechi tano, naye msimu uliofuata akarudi kwenye benchi yake.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, washeni televisheni. Daftari naliweka hapa mezani karibu na birika, kalamu imefungwa kwa uzi msiniibie. Anayetaka kumlaumu kocha usiku wa leo aje aandike jina lake, aandike atoke au abaki, na aandike anaingia nani. Kocha akishafika kwenye kichuguu, nalifunga.